Kunde za mama na sufuria ya Papin

Mama yangu haamini sufuria isiyofunuliwa. Nilipoleta jiko la presha la umeme hapa kwetu Kamembe, alilitazama kwa mbali kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. "Sasa nitajua namna gani kama imeiva?" Kwake kupika kunde ni kufunua, kupuliza mvuke, kuchota punje tatu kwa mwiko na kuziminya kwa vidole. Ukifunga kifuniko umemfunga macho. "Mi siwezi pika kitu sikione," akasema, akaenda kuwasha mbabula yake nje.

Wenzangu wengi katika kijarida hiki wameandika kuhusu njia walizopita, karatasi walizonyimwa, watu waliowapoteza. Mimi naomba kuandika kuhusu moto ulio chini ya sufuria. Nikitafuta ndani yangu kumbukumbu ya ukimbizi, hicho ndicho ninachokikuta kwanza: sufuria inachemka, giza linaingia, na chakula bado kigumu.

Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 2004 vita viliingia Bukavu, watu wa Mutebutsi na wa Nkunda upande mmoja, jeshi la serikali upande wa pili. Tulivuka mto Rusizi na sufuria moja na blanketi mbili. Nilikuwa na miaka tisa. Huku palikuwa bado ni mkoa wa Cyangugu. Wilaya ya Rusizi ilizaliwa na mabadiliko ya 2006, ingawa wazee wetu mpaka leo wanasema "naenda Cyangugu" kama zamani. Katika kambi ya muda tulipewa unga, maharagi makavu, mafuta na chumvi. Kuni hazikutosha. Basi mama alikuwa anapima maharagi kwa kikombe, kila vikombe kumi anatoa viwili, anaenda kumuuzia mama mmoja wa nje ya kambi, na pesa ile ananunulia makala. Tulikuwa tunauza maharagi ili tupate kupika maharagi.

Na maharagi yenyewe yalikuwa hayaivi. Baba alisema ni maji. Mama alisema makala ni mabichi. Hakuna aliyeyashuku maharagi, kwa sababu nani anashuku chakula alichopewa? Miaka mingi baadaye ndiyo nilisoma kwamba maharagi yakikaa ghalani muda mrefu, hasa penye joto na unyevu, yanabadilika ndani: kuta za chembe zake zinashikamana, na hata uchemshe mchana kutwa hayalainiki vizuri. Aliyetugawia pengine hakujua. Lakini gharama ya kutojua kwake tuliilipa sisi, kwa makala.

Kuna na jambo la milima. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na Kamembe iko juu zaidi ya ziwa. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100; yanachemka kwenye 95 hivi. Ukiongeza moto yatachemka kwa kelele zaidi, lakini joto halitapanda. Mtu wa Mombasa au wa Dar es Salaam akipika maharagi yale yale kwa moto ule ule anakula mapema kuliko sisi. Mama alilijua hilo bila kipimajoto. Yeye ni mtu wa bondeni, upande wa Uvira, kwenye joto, na alikuwa akilalamika tangu alipoolewa Bukavu kwamba "huku juu moto ni mvivu".

Ndiyo maana pia kwake chakula ni kunde. Kunde inapenda joto, maharagi yanapenda milima yetu ya baridi. Majani yake anayapika kama mboga, punje anazianika. Na hapa historia inachekesha kidogo. Maharagi, ambayo kila mtu katika Rwanda na Kivu anayaona kuwa ni chakula cha mababu, ni mgeni: yalitoka Amerika, yakaingia Afrika kupitia biashara ya Wareno kuanzia karne ya 16. Kunde ndiyo mwenyeji. Ni mmea wa Afrika. Huko Ghana, katika mabaki ya watu wa Kintampo, wachimbaji wamekuta kunde za zaidi ya miaka 3,500. Kisha nayo ikasafirishwa kwenda Amerika katika zama za meli za watumwa, ikashika mizizi kusini mwa Marekani, mpaka leo watu wa huko wanaila siku ya Mwaka Mpya na wali. Mbegu mbili zimepishana baharini, moja ikachukua kiti cha mwenzake.

Binamu yangu aliyepelekwa Marekani aliniambia alizikuta dukani, kwenye mfuko wa plastiki, zimeandikwa jina la "jicho jeusi". Alilia pale pale mbele ya rafu. Halafu akaniuliza kama anaweza kuzipika katika lile jiko la umeme la taratibu, linaloachwa kutwa likipika mtu akiwa kazini. Nikamjibu kunde sawa, lakini maharagi mekundu aangalie sana: yana sumu ambayo joto dogo haliiui. Ayaloweke, amwage maji, ayachemshe kwa nguvu dakika kumi kwanza, ndipo ayaweke humo.

Nirudi kwenye presha. Nilitaka kujua ni nani aliyefikiria kumfungia mpishi kifuniko, nikamkuta Denis Papin. Mfaransa, alizaliwa 1647 karibu na mji wa Blois, akasomea udaktari, akahamia London 1675. Mwaka 1679 aliwaonyesha wataalamu wa Royal Society chungu chake cha chuma chenye kifuniko cha kukazwa. Alichokuwa anatafuta kilikuwa mifupa. Alitaka kuilainisha mpaka maskini wapate chakula ndani ya kitu kinachotupwa. Kazi ya chungu ni rahisi kueleza: mvuke ukikosa pa kutokea unakandamiza maji, maji yanakataa kuchemka mapema, joto linapita nyuzi 100 na kukaribia 120. Yaani Papin, bila kutujua, alitushushia mlima.

Vyungu vya namna hiyo vinaweza kupasuka. Papin akaweka tundu juu na kulifunika kwa kizibo chenye uzito; mvuke ukizidi, unakiinua na kutoka. Ile filimbi ya sufuria ya presha, ile inayowatisha mama zetu, ndiyo mtoto wa kizibo kile. Inapolia inakuambia kwamba haitapasuka. Mwaka 1682 wakubwa wa Royal Society walikula karamu iliyopikwa humo, mifupa imelainika kama jibini, wakasifu sana.

Lakini kilichonishika ni kingine. Papin alikuwa Mprotestanti. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 alifuta Amri ya Nantes, ile iliyokuwa inawalinda Waprotestanti wa Ufaransa, na laki na zaidi wakakimbia nchi. Papin hakukimbia siku hiyo. Alikuwa ameshatoka miaka kumi nyuma, kwa hiari, kutafuta kazi. Mlango ulifungwa akiwa nje. Wapo kati yetu wanaoijua hali hiyo: uliondoka kwa ajili ya masomo au biashara, na siku moja unasikia redioni kwamba huna pa kurudi. Akaenda Ujerumani, akafundisha hesabu Marburg, akarudi London 1707, akakuta wale waliomsifu wamekufa au wamemsahau. Barua zake za mwisho zinazungumzia ufukara. Baada ya hapo haonekani tena. Inakadiriwa alikufa 1713.

Nilimsimulia mama. Alinyamaza, akauliza: "Alikuwa na watoto?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo jiko lile analiita "ya ule mukimbizi".

Umeme wake nao una ukoo. Mto tuliovuka 2004 una mabwawa: Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili, iliyoanza 1989, mali ya Rwanda, Burundi na Kongo kwa pamoja. Nchi zile zimegombana mara ngapi sijui, lakini mitambo ile inazunguka. Nikinunua kashipawa kwenye simu na kuwasha jiko, sehemu ya moto ule inatoka kwenye maji yale yale. Na jiko lenyewe halili sana. Limeandikwa wati 1,000, lakini likishapata presha linajizima na kujiwasha lenyewe, maana limefungwa joto lisitoke. Kunde kavu, bila kuloweka, mimi naziwekea dakika 20, kisha naacha mvuke ushuke wenyewe dakika kumi. Maharagi mazuri yaliyolala ndani ya maji, dakika 30.

Februari 2025 Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, wajomba zangu wawili walivuka na familia zao. Tukawa watu 14 katika vyumba vitatu. Usiku ule nikajifanya mjanja: nikajaza kunde na maji mpaka karibu na mdomo wa sufuria. Kunde zinatoa povu. Povu likapanda, likaingia kwenye filimbi, maji ya kahawia yakaanza kuruka hadi kwenye pazia. Watoto walikimbilia chini ya meza. Walikuwa na sababu zao za kuogopa mlio. Mama akachomoa waya, akakaa akisubiri presha ishuke, na hakuniambia neno. Kisha akagawa: nusu akairudisha jikoni mwangu, nusu akaipeleka kwenye mbabula.

Nusu yangu iliiva upesi. Watoto wakala, wakalala mmoja baada ya mwingine pale pale sakafuni. Ile ya mama ilichukua saa moja na nusu, na muda huo wote wajomba walikaa nje wakizunguka makala. Mwanzo hawakusema kitu. Mjomba mkubwa akaokota kijiti, akachokoa moto, akaanza kusimulia walivyotoka nyumbani, nani aliyebaki, mlango gani waliuacha wazi. Mama alikuwa anafunua, anaminya punje, anafunika. "Bado kidogo," alikuwa anasema kila mara. Mimi nilizionja kwa siri. Zilikuwa zimeshaiva zamani.

Mjomba alirudi Bukavu baada ya miezi. Juzi alipiga simu: amepata jiko kama letu, la mitumba, lakini umeme kule unakuja na kwenda, je, kunde zitaharibika ukikatika katikati? Nilitaka kujibu, mama akaninyang'anya simu.

"Ukikatika usifungue, acha, itaendelea kuiva yenyewe," alimwambia. "Na usijaze, sikia? Nusu tu. Munyu weka mwisho. Na ile filimbi usiishike, hata ikupigie kelele namna gani."