Sauti ya Pili: Kilumi na Elimu ya Nafsi

Twazoea kusema kwamba mtu ni mmoja, na nafsi yake ni moja. Lakini katika nchi ya Wakamba, yaani Kitui na pande zile ziitwazo sasa Makueni, watu walijua tangu zamani hali inayotia shaka neno hilo. Ngoma ya kilumi ikipigwa, mwanamke hutetemeka na sauti yake hugeuka. Husema kama mtu mwingine, akadai kitu fulani. Akiisha kuridhishwa, hurudia hali yake. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Sweden aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika habari za pepo hao, na wengine walisemwa kuwa ni wageni, hata Wazungu.

Ulaya nako hali iliyofanana na hiyo ilikwisha kuchunguzwa. Mwaka 1889 Pierre Janet, Mfaransa, alieleza kuwa sehemu ya fikira za mtu yaweza kujitenga na nyingine, ikasema na kutenda bila mwenyewe kujua. Huo ndio mtengano wa nafsi. Carl Jung wa Uswisi, aliyesoma kwa Janet mjini Paris, aliongeza kwamba yule "mimi" tunayemjua ni sehemu tu ya nafsi nzima. Mwaka 1925 Jung mwenyewe alipita Ukambani kwa gari la moshi, akitoka Mombasa kwenda Nairobi.

Serikali ya Kiingereza haikuwa na nafasi ya mafundisho hayo. Mwaka 1911 mwanamke aitwaye Siotune wa Kathuke, pamoja na Kiamba, waliwavuta watu kwa ngoma za pepo ili waikatae serikali. Watawala waliona wazimu na uasi; viongozi hao wakahamishwa mbali na kwao.

Basi, jambo moja lilipewa majina matatu: pepo, maradhi, uasi. Lakini tukumbuke tofauti moja. Wagonjwa wengi wa Janet walilala hospitalini. Mwanamke wa kilumi alizungukwa na jamaa na majirani, nao walimwuliza anataka nini. Katika mabaraza ya wazee wanaume ndio walioamua; pepo alipodai, hata wazee walisikiliza. Kwa hiyo, kabla hatujamwita mtu mwenye wazimu, yatupasa kwanza kuuliza: sauti hii ya pili inasema neno gani ambalo ile ya kwanza haikupewa ruhusa kulisema?