Jirani wa ghorofani akiharibu mali: Njia za kudai fidia bila kuzua vita

KATIKA majumba ya kupanga ya Nairobi, mpangaji wa ghorofa ya tatu huishi chini ya miguu ya yule wa ghorofa ya nne. Dari ya mmoja ndiyo sakafu ya mwenzake, na uzembe wa aliye juu humwagikia aliye chini.

Mfano unaojulikana sana katika mitaa kama Umoja, Zimmerman na Kasarani ni ule wa mfereji ulioachwa wazi. Maji hutolewa kwa mgao, na mtu anapoufungua mfereji na kuukuta mkavu, huenda akaondoka bila kuufunga. Maji yanaporudi saa nane za usiku, sinki hufurika na sakafu hujaa. Kufikia alfajiri, jirani wa chini huamka na kukuta godoro, zulia na runinga vimeloa.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Kuna wanaopanda ngazi wakitukana, na kuna wanaonyamaza kwa miezi huku hasara ikijirudia. Njia hizi zote mbili humpunguzia mwathiriwa nafasi ya kulipwa: ya kwanza humgeuza kuwa mkosaji, ya pili humwacha bila ushahidi.

Chanzo cha hasara

Jambo la kwanza ni kuzima umeme kwenye swichi kuu, ikiwa maji yamekaribia nyaya au vifaa, kisha kumwita msimamizi wa jengo ili maji yafungwe.

La pili ni kubainisha hasara imetoka wapi, kwani si kila maji yanayotoka juu ni kosa la jirani. Ikiwa mfereji uliachwa wazi, anayewajibika ni mpangaji wa juu. Ikiwa aliyeuacha ni mfanyakazi wake wa nyumbani akiwa kazini, dai humwelekea mwajiri.

Lakini ikiwa bomba lililopasuka limo ndani ya ukuta, au mtaro mkuu wa jengo umeziba, mzigo huenda ukamwangukia mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012, katika kifungu cha 65, inamtaka anayekodisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mitaro mikuu na sehemu zinazotumiwa na wapangaji wote.

Kwa sababu hiyo, ni vyema fundi wa mabomba akague na kuandika alichokiona, akitia tarehe na sahihi. Karatasi hiyo moja huweza kuokoa miezi ya mabishano kuhusu nani amlipe nani.

Watoto nao huleta utata. Mzazi hawajibiki moja kwa moja kwa kila kioo cha gari kinachovunjwa na mpira wa mwanawe. Hata hivyo, anaweza kudaiwa ikidhihirika kwamba alizembea kumwangalia, hasa iwapo alikuwa amekwisha kuonywa.

Ushahidi

Picha zipigwe kabla ya kitu chochote kuondolewa au kuanikwa. Zionyeshe dari, ukuta na kila kifaa kilichoharibika. Vifaa vyenyewe visitupwe hadi jambo lenyewe liishe.

Aidha, mwathiriwa anapaswa kuweka orodha ya mali, bei iliyonunuliwa, stakabadhi zilizopo na makadirio ya fundi kuhusu gharama ya ukarabati. Asiye na stakabadhi anaweza kutumia rekodi za malipo ya simu au maelezo ya muuzaji. Anayetaja kiasi kikubwa bila msingi hujiharibia hata dai lake la haki.

Mwenye bima ya vyombo vya nyumbani aiarifu kampuni yake mapema, kwani mkataba wa bima huweka muda wa kutoa taarifa.

Mazungumzo na barua

Baada ya hasira kupoa, jirani aendewe kwa heshima, ikiwezekana mbele ya msimamizi wa jengo. Wengi hukubali kulipa kwa awamu wanapoonyeshwa hasara kwa macho yao. Makubaliano hayo yaandikwe, yatajwe kiasi na tarehe za malipo, na pande zote zitie sahihi mbele ya shahidi.

Akikataa, aandikiwe barua inayoeleza kilichotokea, hasara iliyopatikana, kiasi kinachodaiwa na siku ya mwisho ya kujibu. Nakala ipelekwe kwa mwenye nyumba au wakala wake. Arafa za simu zihifadhiwe pia, ila zisiwe na matusi wala vitisho, maana zinaweza kusomwa mahakamani.

Kwa waliokuwa wanunuzi wa fleti zao, mambo ni tofauti kidogo. Sheria ya mwaka wa 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inaweka shirika la wamiliki linalosimamia sehemu za pamoja, pamoja na kamati ya ndani ya kutatua mizozo. Malalamishi yaanzie huko.

Wazee wa Nyumba Kumi na naibu wa chifu wanaweza pia kuwaketisha majirani pamoja. Hawana mamlaka ya hakimu ya kuamuru fidia ilipwe, lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inahimiza upatanisho, na maafikiano yaliyotiwa sahihi mbele yao huwa ushahidi mzuri.

Polisi na kelele

Polisi huhitajika pale ambapo uharibifu ulifanywa makusudi, mathalan jirani aliyevunja mlango au kukwaruza gari kwa sababu ya chuki. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayeharibu mali kwa kukusudia na kinyume cha sheria anaweza kufungwa jela miaka mitano. Mlalamishi ahakikishe amepewa nambari ya OB. Uzembe wa mfereji, kwa upande mwingine, kwa kawaida ni suala la madai wala si la jinai.

Iwapo uharibifu unaandamana na muziki wa usiku kucha, kelele hizo zina njia yake. Katiba imezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero nyinginezo za umma, na NEMA ilipata kanuni za kudhibiti kelele mwaka wa 2009.

Mahakamani

Mazungumzo yakigonga mwamba, lipo jukwaa lililobuniwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya fidia kwa mali iliyoharibiwa.

Mlalamishi anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Mahakama hiyo haifungwi kabisa na kanuni ngumu za ushahidi, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60 tangu iwasilishwe. Rufaa huenda Mahakama Kuu, tena kwa masuala ya kisheria pekee. Madai yanayozidi kiwango hicho hupelekwa kwa mahakama za mahakimu.

Anayedai fidia kwa uzembe au uharibifu ana miaka mitatu tangu tukio. Akizidisha, mlango hufungwa. Baraza la kodi, ambalo wengi hulikimbilia, halikuundwa kwa ugomvi wa jirani na jirani. Huamua mizozo ya wapangaji na wenye nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi.

Makosa ya kuepuka

Kosa linalowaponza wengi ni kusitisha kodi ili kumshinikiza mwenye nyumba amfukuze jirani msumbufu. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kunasa mali ya mpangaji mwenye malimbikizo ya kodi, na hivyo aliyelowa huishia kupoteza hata vile vilivyosalia vikavu.

Kosa jingine ni kulipiza kisasi. Anayemkatia jirani maji, kumvunjia mita au kushika vyombo vyake kama rehani anaweza kujikuta akishtakiwa yeye mwenyewe. Hasira hasara, na hakimu hupima matendo ya pande zote mbili.

Jirani wa ghorofani hachaguliwi, na huenda wote wawili wakaendelea kukutana kwenye ngazi kwa miaka mingi baada ya dari kupakwa rangi upya. Anayedai haki yake kwa karatasi, picha na maneno ya staha ana nafasi nzuri zaidi ya kulipwa, na pia ya kusalia na mtu wa kumwamkua asubuhi.