Gari kuukuu Ahero: Lizuie maji kabla ya kununua mapambo

MJI wa Ahero umekaa mahali panapolitia gari majaribuni kwa njia mbili. Uko kilomita 25 hivi kutoka Kisumu, kwenye njia panda ambapo barabara ya Kericho huachana na ile ya Kisii. Mto Nyando hupita kando yake, na kuuzunguka ni uwanda wa Kano wenye mashamba ya mpunga na ule udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka na wakati wa masika hunata kama gundi. Lakini dereva akishika njia ya mashariki, hukutana na mlima. Ufuo wa ziwa uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kericho iko zaidi ya mita 2,000.

Kwa sababu hiyo, magari makubwa yanayovuta kwa magurudumu yote manne yanathaminiwa sana katika eneo hili, hata yakiwa na umri wa miaka 25 au 30. Land Rover, Toyota Land Cruiser na mdogo wake Prado, Mitsubishi Pajero, Isuzu Trooper na Nissan Patrol za miaka ya 1980 na 1990 bado hubeba magunia ya mpunga, mbolea na wagonjwa pale ambapo magari madogo yamekwama. Mto Nyando ulipovunja kingo zake mwaka wa 2020, na mafuriko yalipozuka tena mwaka wa 2024, gari la aina hiyo halikuwa fahari ya mwenyewe tu.

Aidha, si rahisi kupata jingine la rika lake. Kwa kawaida, Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Magari yale ya zamani yaliyopo ndiyo yaliyobaki. Moja likiharibika kabisa, idadi imepungua.

Mengi ya magari hayo hayauawi na uzee. Huuawa na maji. Yakipungua ndani ya rejeta, injini huchemka mlimani; yakiingia kwenye difu na beringi, vyuma husagika polepole bila mwenye gari kujua. Habari njema ni kwamba kazi nyingi za kuzuia madhara hayo zaweza kufanywa nyumbani na mwenye gari mwenyewe, kwa vifaa vya kawaida.

Kabla ya kushika spana

Jambo la kwanza ni usalama. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia mtu akiwa chini yake. Usiingie uvunguni kabla ya kuliweka gari juu ya stendi imara za chuma, mahali palipo tambarare na pagumu, huku magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa yasibingirike. Udongo mweusi ukilowa hudidimia, kwa hivyo weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Mawe na matofali yasitumiwe kamwe, kwani hupasuka ghafla.

Tafuta pia kitabu cha matengenezo cha gari lako. Magari ya Japani hutumia vipimo vya milimita, lakini Land Rover za zamani huchanganya nati za inchi na za milimita, na spana isiyolingana huziviringa nati hizo.

Maji ndani ya injini

Katika mwinuko wa Ahero, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi za Selsiasi, si 100 kama pwani. Mfuniko wa rejeta ulio mzima huyabana maji ili yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Mpira wake ukichakaa, kinga hiyo hutoweka. Hiki ni kipuri cha bei ndogo, na ndicho cha kwanza kubadilishwa katika gari kuukuu. Hata hivyo, usifungue mfuniko injini ikiwa moto. Mvuke wake huunguza vibaya.

Wengi hujaza rejeta maji ya mto au ya kisima. Maji hayo huacha magadi ndani ya mirija na kuiziba kidogo kidogo, kama yanavyofanya ndani ya birika la chai. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yale ya betri. Hapa kwetu hakuna baridi ya kugandisha maji, lakini kulanti huzuia kutu na huongeza kiwango cha joto la kuchemka. Ile ya kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Iliyotolewa isimwagwe uani, kwa maana ina utamu unaovutia mbwa na ng'ombe, nayo ni sumu.

Nje ya rejeta kuna adui mwingine. Tope jeusi na mabua hujaza nafasi zilizo kati ya mapezi yake na kuzuia upepo. Lisafishe kwa maji yenye nguvu ndogo, ukiyaelekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuosha yenye nguvu nyingi hukunja mapezi.

Kuna desturi katika gereji nyingi ya kung'oa themostati gari linapochemka. Huo si uganga. Themostati ndiyo inayoamua maji yaanze kuzunguka injini ikifikia joto lake, nayo ikikosekana injini ya dizeli hufanya kazi ikiwa baridi, hunywa mafuta zaidi na huchakaa upesi. Iliyoharibika ibadilishwe. Vivyo hivyo kwa feni: nyingi katika magari haya zina klachi yenye mafuta mazito ndani. Zima injini iliyopata moto, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi bila ukinzani wowote, klachi imekwisha.

Tahadhari hizi zina uzito zaidi kwa wenye Prado za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE. Silinda hedi yake ni ya aluminiamu na inajulikana kwa kupasuka ikichemka. Mwenye gari aliyeshindwa kubadilisha mfuniko wa rejeta aweza kujikuta akinunua silinda hedi nzima. Mshale wa joto ukianza kupanda kwenye mlima wa Kericho, simama na uache injini ipoe. Usijilazimishe kufika kileleni.

Mkanda wa taimingi nao usisahaulike. Injini za 1KZ-TE na 1HZ za Toyota zina mkanda wa mpira, ilhali 4M40 ya Pajero ina mnyororo. Mkanda una kikomo cha kilomita kilichoandikwa kitabuni, na ukikatika injini ikizunguka, vali hugongana na pistoni. Ukinunua gari usilolijua historia yake, chukulia kwamba mkanda haujabadilishwa.

Maji chini ya gari

Ekseli inapozunguka kwa kilomita nyingi hupata joto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Gari likiingia ghafla kwenye maji baridi ya mfereji, hewa hiyo husinyaa na difu huvuta pumzi. Tundu lake la kupumulia likiwa limeziba au limezama, kinachovutwa kupitia sili zilizochakaa ni maji ya tope.

Kwa hivyo, baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye ekseli, kagua oili ya difu zote mbili, ya gia na ya sanduku la kugawa nguvu. Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na haifai tena, hata ikiwa iliwekwa juzi. Kabla ya kuimwaga, hakikisha kwanza kwamba nati ya kujazia inafunguka. Wako waliomwaga oili yote kisha wakagundua kwamba nati ya juu imeshikwa na kutu, gari likabaki hapo hapo. Difu nyingi za magari haya hutumia oili ya 80W-90 ya daraja la GL-5, lakini kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Propela nazo zina chuchu za grisi. Pampu ya grisi ya mkono yatosha: sukuma hadi grisi ya zamani, yenye maji na uchafu, itoke na mpya ionekane. Beringi za magurudumu ya mbele, katika magari ambayo beringi zake hufunguka, zioshwe na kupakwa grisi upya kila baada ya msimu wa mafuriko.

Wenye injini za dizeli wakumbuke pia chujio la mafuta. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hutuama chini. Fungua kizibo kilicho chini ya chujio, acha maji yatoke mpaka dizeli safi ije, kisha ufunge. Ni kazi ya dakika chache inayoiokoa pampu ya bei ghali.

Breki na mteremko

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Kadiri yanavyonyonya, ndivyo yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, na yakichemka huzaa mvuke unaofanya kanyagio liende hadi chini bila breki kushika. Hakuna mahali pabaya pa kuligundua jambo hilo kuliko mteremko wa kutoka Kericho gari likiwa na shehena. Badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili, na uteremke kwa gia ndogo ili injini isaidie kuzuia mwendo.

Kutoa hewa kwenye breki huhitaji watu wawili. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, ifanye mara ya kwanza chini ya macho ya fundi. Breki hazijaribiwi.

Kuboresha

Mtu anapolipenda gari lake hutamani kulipandisha juu, kulivika tairi kubwa na kulifungia taa kwenye paa. Hakuna ubaya, ila mambo yafuate utaratibu. Shokabsoba zinazovuja na bushi zilizopasuka zibadilishwe kwanza, kwa sababu springi mpya juu ya bushi mbovu ni hasara.

Uboreshaji wenye faida kubwa katika uwanda wa Kano ni ule usioonekana. Unganisha mpira usioharibiwa na mafuta kwenye tundu la kupumulia la kila difu, kisha uupandishe hadi juu ndani ya chumba cha injini. Funga kipimo cha joto kinachoonyesha nyuzi kwa tarakimu, kwani mishale ya magari mengi hukaa katikati hadi injini iwe hatarini.

Bomba la kuvutia hewa kutoka juu ya kioo cha mbele husaidia dhidi ya maji na vumbi, mradi viungo vyake vyote vimezibwa. Hata hivyo, haligeuzi gari kuwa mashua. Land Rover Defender za zamani ziliwekewa na waundaji wake kikomo cha nusu mita ya maji, na kabla ya kuvuka maji mengi palihitajika kizibo maalumu chini ya nyumba ya klachi, kitolewe baadaye. Maji yanayokwenda kasi husukuma gari hata yakiwa ya kina hicho. Na injini ikizimika majini, usiiwashe tena. Maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, mkono wake hupinda. Gari livutwe na kukaguliwa.

Kuhusu tairi, soma tarakimu nne zilizo ubavuni: 2319 ina maana kwamba tairi iliundwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Ukitoka kwenye tairi ya 265/70R16 na kuvaa 265/75R16, mzingo huongezeka kwa asilimia 3 hivi, kwa hivyo kipima mwendo kikionyesha 100 unakwenda karibu 103. Ukiinua gari kwa zaidi ya sentimita 5, mipira ya breki yaweza kuwa mifupi na propela kukaa vibaya, na gari huwa jepesi kupinduka kwenye kona.

Ikumbukwe pia kwamba mabadiliko ya injini, bodi au rangi hayamalizikii gereji. Ni lazima taarifa za usajili zibadilishwe katika mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Muulize pia mwenye bima wako kabla ya kubadilisha chochote kikubwa.

Mahali pa kuoshea

Tope lisiachwe likakauke uvunguni, kwa maana hushikilia unyevu na kuzaa kutu. Lakini usisimame ziwani wala kwenye mifereji ya mpunga kuliosha gari. Kichocho huingia mwilini kupitia ngozi iliyo ndani ya maji hayo, na waosha magari wa ufuo wa Kisumu walikuwa miongoni mwa watu waliochunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa KEMRI kuhusiana na ugonjwa huo. Osha gari nchi kavu, kwa ndoo au mpira. Oili chafu nayo iwekwe kwenye mtungi na ipelekwe gereji inakokusanywa; maji ya Nyando ndiyo yanayonywesha mifugo na kumwagilia mashamba.

Hatimaye, nunua daftari na uliache ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa: kulanti, oili za difu, mafuta ya breki, mkanda. Daftari hilo litakuonyesha kazi inayofuata kabla ya mvua za Machi kuanza, na siku utakapoliuza gari, mnunuzi mwerevu ataliomba hilo kwanza kabla ya kutazama rangi.