Mgomba Usiozaa: Namna Ugonjwa Wake Ulivyojulikana

Kwetu Kivu, ukiuliza mali ya nyumba, mzee ataonyesha migomba kabla ya kuhesabu franga. Ndizi ni chakula cha watoto, na ni kasiksi ya mahari na ya kilio. Kwa hiyo mgomba ukikataa kuzaa, maneno yanakuwa mengi. Wengine watasema udongo umechoka, wengine wataangalia jirani kwa jicho baya. Tunazungumza hapa juu ya ule ugonjwa unaosimamisha majani juu, yakiwa membamba na mafupi, yamesongana kama ufagio, na mkungu hautoki. Tusiuchanganye na mnyauko uliofika Masisi mwaka 2001, ule ni mwingine.

Hadisi yake inaanzia mbali, visiwani Fiji, koloni la Waingereza lililouza ndizi Australia. Ugonjwa uliandikwa huko mwaka 1889. Wataalamu walichimba mizizi, na mwaka 1893 Nathan Cobb akaeleza mnyoo mdogo sana aliyetoka katika mizizi ya migomba ya Fiji. Mnyoo yule ni wa kweli, hata leo anaharibu mashamba. Lakini siye aliyesonganisha majani. Kuona mdudu penye mgonjwa si kuona mwuaji, na jambo hilo lilichelewesha watu miaka mingi.

Mwaka 1913 ugonjwa ukaonekana Australia, na ulifika pamoja na miche ya kutoka Fiji. Kufikia miaka ya 1920 vijiji vizima vya wakulima wa ndizi vilikuwa vimefilisika. Basi mwaka 1924 serikali zikaunda kamati, kazi ikapewa kijana mmoja, Charles Magee.

Namna yake ya kazi ilikuwa ya subira. Alichukua maji ya mgomba mgonjwa, akayatia katika mgomba mzima: hakuna kitu. Kisha akafungia migomba mizima ndani ya vizimba vya wavu, wadudu wasiingie, akawaletea vidukari, yaani vile vijidudu vyeusi vinavyojificha chini ya maganda ya shina, wakiwa wametoka kwenye mgomba mgonjwa. Migomba ile ikaugua. Ile iliyofungiwa bila vidukari ikabaki mizima. Akaonyesha pia kwamba kisiki kikiugua, machipukizi yake yote yanaugua. Alichapisha hayo mwaka 1927. Virusi vyenyewe hakuviona. Vilitambuliwa mwaka 1991 tu, lakini dawa haikungoja. Sheria ilikataza kuhamisha miche ovyo, na mgomba mgonjwa uling'olewa pamoja na kisiki, mwenyewe apende asipende. Mashamba yakarudi.

Na Kongo? Wabelgiji waliunda INEAC mwaka 1933, na makao ya utafiti yakawa Yangambi, karibu na Stanleyville, Kisangani ya leo. Sifa kubwa ya Yangambi ilikuwa mawese, ingawa aina moja ya ndizi inaitwa Yangambi Km 5 mpaka sasa. Ugonjwa wa Fiji ulionekana hapohapo kituoni katika miaka ya 1950. Yaani jibu la Magee lilikuwa limekwisha kuchapishwa karibu miaka thelathini. Mwaka 1987 wachunguzi waliuona tena, safari hii katika bonde la Ruzizi.

Hapa ndipo desturi yetu inaguswa. Mtu akijenga nyumba mpya, wazee na majirani humpa machipukizi ya kupanda. Hayauzwi, ni alama ya udugu, na anayekataa kutoa anaitwa mchoyo. Ile sheria ya Australia, ya askari wa shamba na faini, kwetu ingefanana sana na amri za mkoloni, na sidhani ingefika mbali. Afadhali mtoaji mwenyewe afunue maganda ya shina, aangalie jani jipya kama lina vistari vya kijani kibichi vilivyokatikakatika kwenye uti wake, na asitoe chochote katika kisiki chenye mgonjwa mmoja. Shida ni kwamba chipukizi lililoambukizwa juzi halina alama. Litaonekana zima siku ya kutolewa, na majani mawili au zaidi yatachipuka kabla ya kuonyesha kitu.