Chini ya Sakafu za Kabuga

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam, akishavuka daraja la Rusumo na kuziacha nyuma Kayonza na Rwamagana, hufika Kabuga kabla hajaingia Kigali yenyewe. Ni mji wa pembezoni mwa jiji, sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo. Una maduka ya kando ya barabara, kituo cha mabasi, na nyumba zinazozidi kupanda vilimani kadiri Kigali inavyotanuka kuelekea mashariki. Katika baadhi ya nyumba hizo watu walipika, walilala na kulea watoto kwa miaka 24 juu ya maiti za halaiki.

Siri hiyo ilitoboka Aprili 2018, mwezi ambao Rwanda huwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi. Mwenye nyumba mmoja alionyesha mahali. Wakachimba, wakakuta. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba waliomo ni watu elfu chache. Lakini kila shimo lilipofunguliwa lilielekeza kwenye jingine: chini ya ua, chini ya choo, chini ya sebule. Nyumba zikabomolewa ili wafu watolewe. Kufikia mwisho wa kazi mashimo yalikuwa 143, na idadi ya waliotolewa ilihesabiwa kuwa 84,437.

Mwandishi wa riwaya za taharuki angepeleka mswada wa namna hii kwa mchapishaji, angeambiwa ametia chumvi. Hata hivyo, kisa cha Kabuga kinapaswa kusomwa sambamba na riwaya hizo, hasa zile ambazo uhalifu wake haufanyiki benki wala bandarini bali jikoni na chumbani, mhalifu akiwa na ufunguo wa mlango na shujaa akiwa mama anayemlinda mwanawe. Mwingereza Julia Crouch ndiye aliyeipa aina hiyo jina lake la Kiingereza mwaka 2013, ila mama mwenyewe ni wa zamani zaidi. Mwaka 1947 Mmarekani Elisabeth Sanxay Holding alitoa The Blank Wall, hadithi ya mama wa nyumbani anayekuta maiti ya mwanamume aliyekuwa na uhusiano na bintiye, akaipakia kwenye mashua na kwenda kuificha, kisha akaendelea na shughuli za nyumba na kuwaza chakula cha familia. Max Ophüls aliifanyia filamu miaka miwili baadaye. Msomaji hushikwa pabaya: anajua mama yule anaficha kosa, na bado anamwombea asikamatwe.

Waandishi wa Kiswahili waliingia kwa mlango mwingine. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kwa Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa 1960, alituletea Bwana Msa na kiko chake. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974. Siri za Bwana Msa kwa kweli mara nyingi ni siri za ukoo, lakini anayezifumbua ni mwanamume aliyekuja kutoka nje, na Willy Gamba ndiyo kabisa, yeye hana muda wa kukaa nyumbani. Mama katika riwaya hizo mara nyingi hutokea ili alie.

Rwanda ilimjua mama wa aina nyingine, na ilimjua kabla ya 1994. Scholastique Mukasonga, aliyezaliwa 1956, alikuwa mtoto mdogo familia yake ilipohamishwa kwa nguvu kupelekwa Nyamata, Bugesera, pamoja na Watutsi wengine baada ya machafuko yaliyoanza 1959. Katika kitabu alichokitoa Paris mwaka 2008, La femme aux pieds nus, anamweleza mamake, Stefania, ambaye kazi yake kuu ilikuwa kuwaza watoto wake watatokea wapi siku askari watakapovunja mlango. Alitafuta maficho vichakani. Aliweka chakula cha safari tayari. Aliwazoesha watoto kukimbia na kujificha kama mama mwingine anavyowazoesha wanawe kunawa mikono. Mukasonga alikimbilia Burundi 1973 akapona. Stefania aliuawa 1994 pamoja na wengi wa jamaa yake, na bintiye hakuwepo kumsitiri.

Hatari ya nyumbani ilikuwa na mizizi yake katika karatasi. Miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliwagawia Wanyarwanda vitambulisho vyenye kabila, na mtoto akahesabiwa kwa baba. Mama Mhutu aliyeolewa na Mtutsi angeweza kupita kizuizi cha wauaji barabarani kwa kitambulisho chake mwenyewe, lakini watoto aliowashika mkono walikuwa wa upande wa kuuawa. Mama Mtutsi kwa mume Mhutu, kinyume chake, alikuwa na watoto ambao kwa karatasi walikuwa salama kuliko yeye. Katika familia moja, kwenye meza moja, watu walikuwa na hukumu tofauti. Ndiyo maana mashahidi wengi wa 1994 hawaanzi kusimulia kwa milio ya risasi. Wanaanza na maneno yaliyosemwa ndani ya nyumba: nani ajifiche darini, nani apelekwe kwa shangazi, mtoto gani ana uso wa kumsaliti.

Beata Umubyeyi Mairesse alikuwa na umri wa miaka 15 huko Butare. Mnamo Juni 18, 1994, shirika la Uswisi la Terre des Hommes lilivusha msafara wa watoto kwenda Burundi, na ruhusa ilikuwa ya watoto wadogo tu. Yeye alikuwa amepita umri, mamake alikuwa mtu mzima. Wote wawili wakafichwa ndani ya lori, watoto wakiwa juu yao, hadi wakavuka mpaka. Miaka thelathini baadaye alichapisha Le convoi, kitabu cha kuitafuta historia ya msafara ule na watu waliokuwemo. Ukikisoma unaona jinsi uhai wa mama na binti ulivyotegemea mtu mmoja kizuizini kutoinua kitambaa kilichowafunika.

Na yupo Zura Karuhimbi wa Ruhango, mjane, binti wa waganga wa kienyeji, ambaye katika nyumba yake ya vyumba viwili aliwaficha watu zaidi ya mia moja. Silaha yake ilikuwa uvumi kwamba ni mchawi. Alijipaka mikononi mmea unaowasha, akawagusa wauaji, akatikisa bangili na kuwatishia laana, nao wakarudi nyuma. Alitunukiwa nishani mwaka 2006 na akafariki Desemba 2018. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1959 alichukua shanga zake akazifunga kwenye nywele za mtoto wa kiume wa miaka miwili, ili mama yake ambebe apite kama msichana, kwa sababu wauaji wa siku zile waliwatafuta wavulana. Mtoto huyo, alidai, ndiye Paul Kagame, aliyekuja kuwa rais wa Rwanda.

Turudi Kabuga. Mji huu ulitekwa na wapiganaji wa RPF, waasi waliopigana na serikali ya wakati huo, mwezi Mei 1994, na baada ya hapo ukawa mahali pa kupokea waliookolewa. Malori ya UNAMIR, kikosi cha Umoja wa Mataifa, yalileta Kabuga watu waliokuwa wamejificha Hôtel des Mille Collines, katikati ya jiji. Hapo ndipo penye ukatili wa historia: familia zilizopona zilishushwa kwenye mji ambao ardhi yake ilikuwa imeshajaa, na watu wakaanza kuulizana habari za watoto na wazazi mita chache kutoka mashimoni.

Ilikuwaje mashimo hayo yakae kimya miaka 24? Sehemu ya jibu ni barabara ile ile ya Rusumo. Kati ya Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja kuingia Ngara, Tanzania, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Waliojua walikuwa miongoni mwa walioondoka. Upande wa pili walirudi Watutsi waliokimbia tangu 1959, kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, wakaishi mahali ambapo hawakujua kilichotokea. Desemba 1996 Tanzania iliwarudisha wakimbizi wa Ngara, na baadhi yao wakakuta mtu mgeni amejenga juu ya kile wanachokijua. Mgeni hakuuliza. Mwenyeji hakusema.

Lakini jibu hilo halitoshi, na mimi siliamini peke yake. Wapo ambao hawakuondoka, au waliorudi mapema, na walikuwa wakihudhuria kumbukumbu kila Aprili pamoja na majirani waliokuwa wakiwatafuta ndugu zao. Manusura walipoongea na waandishi wa habari mwaka 2018, hasira yao ilielekea huko: si kwa wauaji waliofungwa, bali kwa jirani waliyesalimiana naye kila asubuhi. Na ukijiuliza jirani huyo alinyamaza kwa ajili ya nani, huwezi kuepuka mama wa riwaya. Kuna mwanawe aliyekuwa kijana wa kulinda kizuizi barabarani. Kuna mume. Kuna shamba ambalo mtoto atarithi. Akisema, nyumba yake inabomolewa na mtu wake anakwenda gerezani. Akinyamaza, mwanamke wa nyumba ya tatu anaendelea kutafuta mifupa ya binti yake. Riwaya hutuomba tumhurumie mama anayeficha maiti kwa sababu maiti yenyewe ni ya mtu mbaya. Kabuga haitupi nafuu hiyo. Waliofichwa chini ya sakafu nao walikuwa watoto wa watu.

Hapa niseme kando: msomaji asiuchanganye mji huu na Félicien Kabuga, tajiri aliyeshtakiwa kufadhili mauaji. Mji haukupewa jina lake. Ingawa hata kisa chake kina harufu ya nyumbani. Alikamatwa Mei 16, 2020 katika nyumba ya ghorofa Asnières-sur-Seine, karibu na Paris, akiishi kwa jina la bandia, na wapelelezi walimfikia kwa kufuatilia simu za watoto wake. Safari hii watoto ndio waliokuwa wakimficha mzazi.

Serikali ilijaribu kuuvunja ukimya wa majirani. Mahakama za kijamii za Gacaca, zilizofanya kazi nchi nzima kuanzia 2005 hadi zilipofungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili, na sheria yake ilimpunguzia adhabu aliyekiri na kusema maiti zilitupwa wapi. Wengi walisema. Kabuga ilionyesha kwamba wengi pia walisema nusu: walitaja waliyemuua, wakaacha kutaja shimo.

Kuna siri nyingine ambayo haikupita Gacaca na ambayo mama wengi wameichukua peke yao. Makadirio ya serikali yalikuwa kwamba kati ya watoto 2,000 na 5,000 walizaliwa kutokana na ubakaji wa 1994. Mama alipoulizwa na mwanawe jina la baba, alikuwa na uamuzi wa kufanya ambao hakuna mahakama iliyoweza kumsaidia. Ukimya huo siuweki kapu moja na ule wa wenye nyumba za Kabuga. Mmoja unamkinga mtoto na uhalifu aliotendewa mama, mwingine unamkinga mhalifu.

Mei 4, 2019 waliotolewa Kabuga walizikwa katika kumbukumbu ya Nyanza, Kicukiro, ambako tayari walikuwa wamelazwa watu zaidi ya 11,000, wakiwemo waliouawa baada ya askari wa Ubelgiji kuondoka kwenye shule ya ETO Aprili 11, 1994. Majeneza yalikuwa 81 kwa watu 84,437. Hesabu hiyo inaeleza yenyewe hali ya mifupa. Waliotambuliwa walikuwa wachache sana, kwa kuwa baada ya robo karne jamaa hawakuwa na sura ya kutazama, walikuwa na nguo tu.

Kabuga haikuwa ya mwisho. Oktoba 2023 huko Huye, sekta ya Ngoma, maiti sita zilikutwa mahali palipokuwa pakijengwa nyumba. Kufikia Januari 2024 zilikuwa 119, na watu watano walikuwa wamekamatwa.

Msomaji uliyepita Benaco ukiwa mdogo, au uliyelelewa na mzazi aliyepita huko, na ambaye leo uko Kigoma, Nairobi, Goma au Ulaya: kama uliwahi kuonywa usichezee sehemu fulani ya shamba la babu, liandikie shirika la manusura, Ibuka, au mwandikie kiongozi wa sekta. Hata bila jina lako. Taja kijiji na mahali.