Malka

Ukisimama Hewani, upande wa Garsen nchini Kenya, utalisikia neno hili kwa mkulima na kwa mfugaji. Malka ni njia ya mifugo kuteremkia mtoni, pamoja na pale penyewe inaponywea maji. Asili yake ni Kiorma, ambamo lina maana ya kivuko, lakini Mpokomo mwenye shamba la mpunga hulitumia bila kigugumizi, kwa kuwa malka hupita kando ya mazao yake.

Lakini siku hizi neno hili hutajwa kwa wasiwasi. Mradi wa umwagiliaji ulipoleta mifereji na mpunga katika delta ya Tana, ardhi ya kando ya mto ilipanda thamani. Neema ile haikumfikia kila mtu: maji yaliyofika shambani hayakumfungulia njia mwenye ng'ombe. Ndivyo ilivyokuwa hata Marekani: ilitajirika baada ya vita vilivyoisha 1945, na mtaa mpya wa Levittown, ulioanza kujengwa 1947, ukawauzia nyumba Wazungu peke yao. Utajiri unaochora mpaka huzaa chuki.

Huku kwetu chuki hiyo, kati ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma na Wawardei, ilimwaga damu mwaka 2001, tena vibaya zaidi kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya mia moja walipouawa, wakiwemo watoto.

Kwa hiyo nawaomba wapimaji wa ardhi: kabla ya kuchora shamba la yeyote, choreni malka kwanza, na muwaite Mpokomo, Muorma na Mwardei waitaje pamoja kwa jina lake.