Mwezi si mweupe: vipi wanafalaki walipima weupe wa sayari



Sisi watu wa pwani mtu mzuri tunamfananisha na mwezi mpevu. Basi mniwie radhi nikisema mwezi ule ni mweusi. Katika kila mia ya mwanga wa jua unaoufikia, unarudisha kumi na mbili hivi, uliobaki unamezwa. Lami iliyochakaa haiko mbali na hapo. Kinachonivutia mimi ni watu walijuaje, maana mpaka 1969 hakuna aliyekuwa amekwenda kulishika jiwe la mwezini.

Kisa ninachokipenda kilitokea Afrika. Mwingereza John Herschel, mtoto wa yule aliyegundua Uranus, alihamia Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1834 na familia yake na darubini zake, akakaa hadi 1838. Nyumba yake ilikuwa upande wa mashariki wa Mlima Meza. Alfajiri za mwezi mpevu jua linachomoza mgongoni kwake, na mwezi unatua mbele yake nyuma ya jabali. Yeye alitazama pale vinapogusana, jiwe la kijivu na uso wa mwezi. Akaona mng'ao wao ni mmoja, kwa shida mtu atenganishe hiki na kile.

Hebu fikirini uerevu wa jambo hili. Jabali na mwezi vimepigwa na jua lile lile, tena kwa umbali unaokaribia kuwa sawa. Umbali wa mwezi kutoka kwetu nao hauharibu kitu: ukuta uliopakwa chokaa, ukiutazama kutoka baharini unakuwa mdogo, lakini weupe wake haupungui. Na ile hewa nzito ya upeoni je? Herschel alishaliwaza hilo. Jua nalo lilikuwa chini vile vile, kwa hiyo hewa imekata mwanga wa huyu kama ilivyokata wa yule. Kwa macho matupu alijua kuwa mwezi ni kama jiwe la kijivu lililokaa juani. Weupe tunaousifu usiku unatokana na giza linalouzunguka.

Neno lenyewe, albedo, ni la Kilatini, maana yake weupe, na Johann Lambert alilitumia katika elimu hii mwaka 1760. Namba zilikuja baadaye. George Bond wa Harvard alitazama taswira ndogo za jua na mwezi katika tufe la kioo linalong'aa, ili jua lipungue hadi liweze kulinganishwa, akapata kwamba linaushinda mwezi mpevu mara 470,000 hivi. Leo tunasema 400,000. Si haba kwa mtu wa miaka ya 1860!

Kwa mwezi kazi ni nyepesi kwa kuwa ukubwa wake unajulikana. Nukta ya mbali ni balaa, kwani kitu kidogo cheupe na kikubwa cheusi huweza kutoa mwanga sawasawa. Pluto ilipogunduliwa 1930, wapo walioidhania ina uzito wa kukaribia dunia. Mwaka 1976 ikaonekana ina barafu ya methani, yaani ni nyeupe, basi lazima iwe ndogo. Na mwezi wake Charon, uliogunduliwa 1978, ukalithibitisha hilo. Siku hizi hupimwa na joto pia. Aliyetembea na kanzu nyeupe halafu na joho jeusi katika jua la Maskati haambiwi sababu.

Na dunia yetu je? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Wanaotafuta mwezi mwandamo wanajua kuwa ule mwembamba ukishapanda kidogo, sehemu yake ya giza nayo huonekana kwa mbali. Huo ni mwanga wa dunia: umetoka juani, umegonga mawingu yetu, umekwenda mwezini, umerudi. Mfaransa André Danjon alianza kuupima miaka ya 1920 kwa kuileta sehemu ya giza karibu na ile inayowaka, kama Herschel na jabali lake. Kituo cha Big Bear huko California kikaupima toka 1998 hadi 2017. Dunia hurudisha asilimia 30 hivi, lakini katika miaka ile ilipungua kwa nusu wati kila mita mraba, na sehemu kubwa ya upungufu ni ya miaka mitatu ya mwisho. Matokeo yalitolewa 2021. Mawingu meupe ya chini yalikuwa yamepungua juu ya Pasifiki ya mashariki, ambako bahari ilipata joto, na bahari isiyo na wingu, ukiitazama toka juu, ni nyeusi kuliko mwezi.